Ndizeye Christophe-Aimé, Aliyeacha Simu Yake Ikiwaka

Padri wetu, viongozi wa kijiji, majirani wa Nkungu, nanyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Bukavu, poleni na safari, poleni na msiba. Mimi ni Mukabera Eugénie, muuza sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, katika soko la Kamembe, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kwa Kiswahili, ili wa huku na wa ng'ambo tusikie wote. Mwongozaji wa shughuli amewaomba mzime simu, na hiyo ni adabu ya msiba, naijua, lakini kwa heshima zote nawaomba muziache zikiwaka, na aliyekwisha kuizima aiwashe tena, sababu yake mtaisikia nikifika mahali pake.

Ndizeye Christophe-Aimé alizaliwa Bukavu, mtaani Kadutu, tarehe 12 mwezi wa nane 1970, mtoto wa pili na wa mwisho wa Papa Védaste na Maman Véronique, ambao walikuwa wametoka hapa hapa Nkungu mwaka 1961, wakikimbia, na vyombo vichache kichwani. Alisoma shule ya msingi Kadutu toka 1976 hadi 1982, kisha shule ya ufundi, akapata diplome ya umeme mwaka 1988, akaenda Kinshasa kujifunza kompyuta, na mwaka 1991, mji ule ulipoporwa, akarudi nyumbani na begi moja na kikohozi cha vumbi la njiani. Alikuwa mtoto wa kufungua vitu, redio ya Papa aliifungua mara ngapi sijui, na kila mara ilibaki skrubu moja mkononi mwake, na redio iliendelea kuimba, Papa akabaki hajui amchape au amsifu.

Kazi ya kwanza aliifanya Bukavu, katika atelier, yaani karakana, ya Mzee Buhendwa, ambaye yupo hapa leo, ameketi pale mbele, na humo alitengeneza redio na baadaye kompyuta za wazungu waliokuja na misaada kuanzia mwaka 1994. Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa kumi 1996, tulivuka mto Ruzizi, ulio mpakani, na Maman, Papa tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla, tukarudi Nkungu, mahali ambapo mimi na Ndizeye tulipajua kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1997 alipata kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Kamembe, na tarehe 22 mwezi wa nane 1998 alifunga ndoa na Benitha, vita vya pili vikiwa na majuma matatu tu, kwa hiyo wageni wa Bukavu hawakufika, na viti vyao tuliviacha vimepangwa hivyo hivyo mpaka jioni. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Nishimwe, aliyezaliwa tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 1999.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wangependa niruke, lakini siruki. Katika mwaka 2002, kwa kutumia kompyuta ya kazini, Ndizeye aliingia ndani ya mashine za kampuni moja ya simu, bila ruhusa, bila ufunguo, kwa akili yake tu, akawa anatia unités, yaani salio la kupigia, katika simu za watu ambao kampuni haikuwauzia, akiwauzia yeye kwa nusu ya bei. Ulikuwa wizi, yeye mwenyewe alisema mahakamani kwamba ulikuwa wizi, hakuzunguka. Ila niwakumbushe, miaka ile kila muntu alikuwa na wake upande wa pili wa mpaka, hajui kama wazima au wamekufa, na wengi wenu mlioketi hapa mliongea na ndugu zenu kwa unités zile, mkasema Ndizeye ana mkono wa baraka, na siku ya hukumu nilitazama nyuma yangu mahakamani, benchi zilikuwa tupu.

Alikamatwa tarehe 17 mwezi wa pili 2003, akahukumiwa miaka sita, akaitumikia yote katika gereza la Cyangugu, kwa nguo za rose, rangi ya waridi, kama wafungwa wote. Katika miaka hiyo Benitha alirudi Bukavu na mtoto, akapata mume mwingine, na familia haimlaumu, maana mwanamke anaishi kwa chakula, haishi kwa kungoja. Maman Véronique alituacha mwaka 2007, Ndizeye hakumzika. Alipotoka mwezi wa pili 2009, ni mimi niliyemfungulia nyumba ya Maman, kufuli ilikuwa imeshika kutu, na alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Kamembe alizunguka ofisi zote, kila mahali walimwambia watampigia simu, hakuna aliyempigia, basi akashika jembe, akalima maharage na viazi. Alinunua panneau solaire ndogo, ya umeme wa jua, akaifunga juu ya bati, akatangazia majirani kwamba wanaweza kuchaji simu zao kwake bure, maana umeme ulikuwa haujapanda mlima huu, na kwa miaka minne panneau ile ilichaji simu moja tu, ya kwake. Kwa sababu mlimwogopa, ee watu wa Nkungu. Mlisadiki kwamba Ndizeye akipita tu karibu na simu, anavuta kila kilichomo, namba, siri, na pesa mlizoanza kuweka humo, na akija kuwasalimu mlikuwa mnatoa betri mbele ya macho yake, mnaitia mfukoni, ndipo mnamwambia karibu. Aliniambia haifanyiki hivyo, haiwezekani kabisa, lakini utamweleza nani ambaye hataki ukae kwake hata dakika tano.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa ingobyi. Kwa ajili ya wageni nieleze, hapa mlimani kila nyumba ina sehemu yake katika ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, unatoa mchango wako, unatoa bega lako, ukiugua majirani wanakubeba mpaka centre de santé kutibiwa, ukifa wanakubeba mpaka kaburini, na nyumba isiyo na ingobyi ni kama haina jirani. Ndizeye alipeleka mchango kwa Mbarushimana, mkubwa wa wabebaji, akaambiwa kwa upole asubiri kikao kijacho, na kikao kijacho akaambiwa vile vile.

Simu yake mwenyewe hakuizima hata siku moja, kwa sababu ya Nishimwe, ambaye alikuwa na namba ile na ambaye alipiga mara chache sana, alikuwa mtoto, simu haikuwa yake, simlaumu naye. Kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kizingiti na simu juu ya goti.

Tarehe 26 mwezi wa kumi na moja 2011, Jumamosi ya mwisho ya mwezi, mlima mzima ulikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mnachimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, na kwa kuwa Ndizeye naye alikuja na jembe lake, simu zote zilikuwa zimezimwa. Nyumbani, Védastine, mke wa Nzabonimana, uchungu ulimshika kabla ya siku zake, akampigia mume, haipatikani, akampigia Mbarushimana, haipatikani, akapiga kila namba ya mlima aliyokuwa nayo, ikabaki namba yangu mimi, kwa sababu ni mteja wangu wa sambaza, akanipigia Kamembe huku analia. Mimi nilikuwa na namba moja tu ya Nkungu iliyokuwa ikiwaka, ya mdogo wangu, nikaipiga. Nzabonimana ndiye aliyenisimulia kwamba simu ilipolia ndani ya koti lililotundikwa kichakani, Ndizeye alitupa jembe akakimbia huku anacheka, alidhani ni mtoto wake. Alisikiliza, uso ukabadilika, akawapigia kelele walete ingobyi, na yeye mwenyewe akatia bega chini ya mti wa mbele, bila kuuliza kikao, mpaka centre de santé. Mama na mtoto walipona.

Baada ya hapo mlimwandika kati ya wabebaji, na aliwabeba wagonjwa wenu na wazee wenu, kwenye mvua, kwenye utelezi, lakini akiingia kwenu betri bado zilitoka. Sikuja kuwapaka mafuta, nasema kilichokuwa. Mlimpa mzigo, kiti hamkumpa.

Mwezi wa kwanza 2013 alianza kukohoa, mwezi wa tano nikamchukua kwangu Kamembe, akalazwa hospitali ya wilaya, mapafu. Siku moja nikimpa uji alisukuma kijiko, akaniuliza mimi dada yake, «Yaya, mie nimebabeba bote. Siku nitakufa, banani batanibeba?» Nikamwambia kula uji, unapoa. Alikata roho Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita 2013, simu ikiwa chini ya mto, inawaka.

Kwa kuwa sikuwaamini, nilikodi camionnette ilete jeneza mpaka makaburini. Leo asubuhi, pale barabara inapoanza kupanda, tuliwakuta wanaume wa Nkungu wamesimama katikati ya njia na ingobyi, na Mbarushimana akamwambia dereva, «Gari irudie. Huyu ni muntu wetu.» Nilishuka, nikatembea nyuma yao, na njia nzima simu zililia mifukoni mwao, hakuna hata mmoja aliyezima. Moja ilikuwa ya Nzabonimana, akaipokea kwa mkono mmoja huku bega lake likiwa chini ya marehemu, na aliyepiga alikuwa Nishimwe, ambaye nilimpa namba hiyo ya Nzabonimana jana, amepotea kwenye njia panda, anauliza ashike njia gani ili amfikie baba yake. Nzabonimana akamwelekeza, taratibu, nyumba kwa nyumba, mpaka akatuona. Ndiyo sababu nimewaomba msizime.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, tunamshukuru Mzee Buhendwa ambaye tangu zamani hakuacha kumwita fundi, tunawashukuru bamama wenzangu wa sokoni kwa kila walichochanga, na nyinyi majirani nawashukuru kwa asubuhi ya leo, asubuhi ya leo ni kubwa, ingawa mngemwita hata mara moja tu aketi kwenu na simu yenu mezani angefurahi zaidi.

Ndizeye, uliniuliza swali nikakupa uji. Umebebwa na Mbarushimana, umebebwa na Nzabonimana, umebebwa na mlima mzima, na mtoto wako amepiga simu, imepokelewa. Pumzika kwa amani, mudogo wangu.