Taa Zilizozimwa Getini

Marehemu mama yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Bibi Giza kwa jinsi alivyogombana na kila mwenye kibiriti, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1968, mtoto wa tatu wa mwalimu wa hesabu na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari, na mwaka 1993 akahitimu shahada ya fizikia.

Tarehe 1 Februari 1996 aliajiriwa katika kituo cha darubini za miali ya gama, akachunguza galaksi ambazo mashimo meusi katikati yake hurusha chembe kwa nguvu isiyo kifani, na kwa kuwa miali hiyo ikigonga hewa yetu huacha mmweko hafifu mno, kila gari lililopanda kilima cha kituo lilitakiwa kuzima taa getini.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na fundi wa vioo vya darubini, wakajaliwa binti mwaka 1999 na mwana mwaka 2003.

Usiku wa tarehe 23 Mei 2001 galaksi moja iliwaka kupita kiasi, lakini dakika ileile baba alikuwa akipanda kwa gari kumpelekea chupa ya chai, mama akaamini ni taa zake, akaufuta usiku ule katika kumbukumbu za kituo, na baba akaapa kwamba alizima, akaapa mpaka akachoka. Galaksi hiyo ilipowaka tena tarehe 21 Mei 2012, baba akiwa nyumbani amelala, asubuhi baba alimuuliza mama kwa kicheko kama na hizo zilikuwa taa zake, naye mama akapiga hesabu, miaka kumi na moja kasoro siku mbili, akaona kwamba kama mumewe alisema kweli, itawaka tena tarehe 19 Mei 2023. Baba alifariki tarehe 30 Septemba 2019 bila kuombwa radhi, maana mama hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa kubahatisha.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho, akawaomba madaktari wamfikishe Mei tu. Tarehe 19 Mei, saa tisa na dakika nane usiku, mapazia yakiwa yamefungwa, aligeukia ukuta, akasema, "Amezima. Nimeona mwenyewe," akakata roho.

Dakika hiyohiyo galaksi iliwaka, na mlinzi wa kituo aliandika kitabuni kwamba gari lilisimama getini, likazima taa, likapanda, ingawa geti lilikuwa na kufuli na asubuhi vumbi halikuwa na alama ya tairi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozima taa za baraza wiki nzima kwa ajili yake, na wafanyakazi wenzake waliourudisha usiku wa mwaka 2001 katika kumbukumbu.

Pumzika kwa amani, mama, panda taratibu, anayekungoja anaijua njia gizani.