Fundi Bomba na Pilipili Zake Zisizogusa Udongo

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Bomba, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake. Alisoma shule ya msingi, kisha chuo cha ufundi, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumsahihisha mwalimu. Mwalimu ndiye aliyekosea, lakini marehemu alimsahihisha mara tatu.

Kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2011 alikuwa fundi bomba wa hospitali. Tarehe 14 Agosti 1976 alimwoa mshona sare wa hospitali hiyohiyo, ambaye ndiye mjane aliyeketi hapa mbele. Walijaliwa mabinti wawili.

Kustaafu kwake ndiko kulikomkosesha mkewe raha. Marehemu alitoboa matundu kwenye mabomba ya plastiki, akayapanga ukutani bafuni, akapitisha humo maji yenye mbolea kwa pampu, akapanda pilipili bila chembe ya udongo. Alitaka chotara: kali ya kutoa machozi, lakini nene ya kujazwa nyama. Kila asubuhi alihamisha chavua ua kwa ua, kwa brashi ya wanja ya mkewe. Mkewe akilalamika, alijibiwa, "Pilipili usizozila zakuwashiani?"

"Zimo bafuni mwangu," alisema mkewe. "Mwaka wa nne huu naoga kiubavu."

Siku moja chotara ikapatikana. Akatunza mbegu zake, akazipanda, miche ikazaa pilipili za kila sura isipokuwa ile. Ndugu tulimsihi aache. Akaanza upya, mara sita.

Februari 2022 figo zilianza kumsumbua. Daktari alitaka alazwe siku ileile. Yeye akaomba wiki mbili, maua yashike kwanza. Mkewe alimwambia, "Ua likipukutika litachanua jingine. Wewe huchanui tena." Sikio la kufa halisikii dawa. Alikwenda baada ya siku kumi na sita, akiwa amebebwa.

Akiwa wodini, umeme ulikatika mtaani, pampu ikasimama. Mkewe, aliyekuwa ameapa kutoigusa mimea ile, alishinda bafuni akimwagia mizizi maji kwa kikombe, mgongo ukimuuma, akinung'unika peke yake. Kesho yake alimweleza mumewe kwamba miche kumi na mmoja imepona.

"Ulipima mbolea kwanza?" marehemu aliuliza.

"Nilipima subira yangu. Imekwisha."

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki tarehe 19 Machi 2022, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono na bado hajamsamehe.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole. Mjane alilifuta neno hilo kwa kalamu yake mwenyewe. "Andika msumbufu," alimwambia binti mkubwa. Akaongeza, "Halafu andika kwamba sijui sasa nitagombana na nani."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Mungu ampumzishe kwa amani, maana mwenyewe hakujua kupumzika.