Mapazia ya Nyumba ya Shangazi

Fundi cherehani alikaa kwenye basi amepakata mapazia mapya, roho ikimuuma. "Shangazi kaandika wosia," alimwambia mama aliyekaa naye. "Akifa, nyumba wakae bure wanafunzi wanaosomea uuguzi na ualimu, eti watakuja kuhudumia umma. Watoto wa watu! Anayemwogesha ni mimi."

"Wako hawezi kuomba nafasi?"

"Wangu anasomea urembo."

"Basi shangazi yako ana moyo, dada."

Fundi akabetua midomo. Huyu naye katumwa?

"Na hayo mapazia?"

"Ya sebuleni kwake. Nilishapima madirisha nikijua nyumba ni yangu."

"Sasa utayauza?"

Basi likasimama. Fundi akajitwika furushi. "Nampelekea, jua linamuumiza macho. Ila siku tukimzika nayashusha. Hao wauguzi wake liwachome!"