Mama Kokoto na Mpinzani Wangu wa Chupani

Ndugu, jamaa na majirani, ilipangwa wasifu huu asome shemeji kwa kuwa yeye kasoma, nikakataa, marehemu alikuwa mke wangu, na kwa kusimulia mtaa huu haujazaa wa kunishinda, tena wafanyakazi wenzake marehemu wa makumbusho wanasubiri jibu langu kuhusu jiwe fulani, nalo nitalitoa hapa hapa.

Marehemu, tuliyemwita Mama Kokoto, alizaliwa tarehe 4 Machi 1968 nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1975 hadi 1981, kisha sekondari na chuo, mimi nikiishia darasa la saba, ila usukani niliujua kuliko wote.

Mwaka 1990 aliajiriwa makumbusho kutunza wanyama waliovuliwa vilindini kusikofika jua, waliohifadhiwa kwenye chupa za dawa, na humo chupani ndimo alimokaa mpinzani wangu, mnyama mwenye shina na mikono kama ua, hana macho, hana mshahara, lakini alitazamwa kwa namna ambayo mimi sikutazamwa hata nilipovaa suti.

Tulikutana tarehe 17 Mei 1992, nilipopeleka makumbusho lori la kokoto za ujenzi kutoka shimo la mlimani, mbali kabisa na pwani, akanizuia kumwaga, akapiga magoti vumbini, akaokota jiwe laini lenye viduara kama vifungo vya shati, akanieleza kuwa ni mashina, yaliyogeuka mawe, ya ukoo wa yule wa chupani, kwamba mlima ule ulikuwa chini ya bahari, kisha mto uliokauka zamani ukayaviringisha mawe yake, nami najisifu hadi leo kwamba bahari iliteremka mlimani kwa lori langu.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993, jiwe likiwa ndani ya pochi yake, tukajaliwa binti mwaka 1995 na mvulana mwaka 1998.

Novemba iliyopita figo zilianza kumsumbua, wenzake wakamletea ile chupa wodini, nikatoka kwenda kununua maji nisiyoyahitaji, niliporudi nikamuuliza kati yetu anampenda nani, akacheka hadi dripu ikatikisika, akasema yule kaishi enzi na enzi bila mimi, wewe hata soksi zako huzioni, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwangu.

Sasa wenzake wameomba azikwe na lile jiwe, jana nilisema katu, leo nasema sawa, liwekwe mkono wa kulia, kokoto za kufunika kaburi nimezileta mwenyewe kutoka shimo lile lile, ili watakaochimba siku za mbele wakute bahari, wakute mto, wamkute yeye, na ubavuni pake wamkute dereva.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na nyinyi wa makumbusho, hata wewe uliyebeba chupa.

Pumzika kwa amani, mke wangu, na hilo jiwe liambie kabisa, upande wa kushoto una mwenyewe.