Mwalimu Filemon Lyatuu na Swali la Ishirini na Saba

Bwana Yesu asifiwe. Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, walimu wenzake, majirani wa Pasua na wa hapa Kirua Vunjo, mimi naitwa Shedrack, ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, nimekuwa fundi magari maisha yangu yote na Kiingereza kilinishinda tangu kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea kusoma mnivumilie, mwenye kazi ya kunisahihisha ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu Mwalimu Filemon Anaeli Lyatuu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1952 hapa hapa Kirua Vunjo, katika kihamba hiki, shamba la ukoo tulimokaa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Anaeli, akabatizwa mwaka huo huo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, kisha chuo cha ualimu mwaka 1971 na 1972. Tulipokuwa tunatumwa kukata majani ya ng'ombe yeye alikuwa anarudi na mzigo nusu na kitabu kizima, na fimbo tulikuwa tunachapwa wote wawili.

Aliajiriwa tarehe 8 Januari 1973 kufundisha shule ya msingi wilayani Same, akaenda kusoma stashahada, na kuanzia mwaka 1979 akawa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Moshi hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2012. Waliosoma kwake wako wengi hapa, nawaona mnatabasamu, mnakumbuka jinsi alivyokuwa akifundisha misemo ya Kiingereza, kwamba kila lugha ina ukaidi wake, hata sisi tunakula kiapo na hakuna anayekitafuna, tunapiga pasi na hakuna anayeigombeza nguo, basi na ya Waingereza ichukueni nzima nzima kama mlivyoikuta. Na kuhusu maneno ya kueleza sifa, alisema kila neno likae jirani na mwenyewe, la sivyo utaandika kwamba bibi alimkamua ng'ombe akiwa amevaa mabuti, halafu msomaji akamvika ng'ombe. Mabuti hayo yamechekesha darasa baada ya darasa, miaka thelathini na tatu.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa takatifu na Hellen, shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Aikande mwaka 1982, Godlove mwaka 1985 na Kindness mwaka 1990, na wajukuu saba.

Sasa, ndugu waombolezaji, hapa nina ukurasa alioandika marehemu kwa mkono wake, juu yake ameandika kwamba usomwe wote au historia isisomwe kabisa. Kikao cha ukoo cha Alhamisi kilisema urukwe, kwamba mtu haaibishwi siku ya kuzikwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nakiri. Nitawaeleza baadaye kwa nini nausoma. Humu amejiita marehemu mwenyewe, na nikichomeka neno langu mtalitambua.

Mwaka 1998 kamati moja ya wazazi na walimu mjini ilitaka kufadhili wanafunzi wawili kidato cha tano, ikamwomba marehemu atunge mtihani wa Kiingereza wa kuwachuja, maswali arobaini ya kuchagua herufi. Mtihani ulifanyika tarehe 21 Novemba, majina yakabandikwa tarehe 5 Desemba, na binti mmoja wa Majengo aitwaye Dominika, mtoto wa mzee Primus fundi viatu, akakosa nafasi kwa alama moja. Jumatatu yake binti yule alikwenda Pasua nyumbani kwa marehemu, akaamkia shikamoo, akasema swali la ishirini na saba amelipata na amewekewa kosa. Marehemu hakulitazama hata hilo swali. Alimwambia mwongozo wake wa majibu haujawahi kukosea, akamrudisha kwao.

Siku kumi na mbili baadaye, akipanga makaratasi yake, akaona. Jioni ya mwisho kabla ya kuchapa alikuwa amebadilisha mpangilio wa majibu ili herufi zisifuatane, akarekebisha mwongozo wa maswali yote, isipokuwa hilo moja. Ole wangu, ndivyo alivyoandika! Shemeji anasema alikaa kitini akashindwa kumaliza chai.

Kesho yake ilikuwa Jumapili tarehe 20 Desemba, wametimiza miaka kumi na minane ya ndoa, shemeji ameshaweka ndizi na nyama jikoni. Marehemu akatoka ibada ya kwanza, akapanda huku Kirua, akakata jani la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akashuka nalo mkononi hadi Majengo, mchana kweupe, watu wanatazama. Mchagga yeyote hapa anajua, ukiletewa isale huna njia ya kukataa kusamehe. Lakini isale mzee humpelekea mzee mwenzake, na mzee Primus alishanyoosha mkono kulipokea, marehemu akampita, akampa mtoto. Mwalimu wa miaka arobaini na sita, kwa binti wa miaka kumi na saba!

Dominika akalipokea, kisha akamwambia kwa adabu kwamba amesamehe, ila angependa Mwalimu akae alifanye hilo swali mbele yake. Marehemu akakaa kwenye kigoda cha fundi viatu, akalifanya, akapata.

Kamati ikamwambia anyamaze, majina yameshatoka, atawachafulia wote. Akawaandikia barua kwamba ama waongeze nafasi ya tatu, ama atasimama kanisani awaambie wazazi mwenyewe. Wakaongeza nafasi, wakamwondoa yeye kwenye kamati, na Dominika akaenda kidato cha tano. Leo ni mwalimu wa Kiingereza, na tangu alipohitimu hakuna mtihani wa marehemu uliochapwa kabla Dominika hajaufanya wote kama mtahiniwa wa kwanza na kutia sahihi chini ya mwongozo, karibu na ya mwenyewe. Mwisho wa ukurasa. Jamani, mimi nilitaka kuuficha huu? Naona fahari kuusoma.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2021, tarehe 11 Agosti mwaka huu akapata kiharusi, akalazwa, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 saa nne asubuhi akaitwa na Bwana, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na waliomvumilia alipokuwa akisahihisha matangazo ya ukutani, majirani wa Pasua waliolala nasi msibani, walimu wenzake, kwaya, na akina mama waliopika tangu Jumanne.

Na ile ahadi yangu. Jana nilimpelekea Mwalimu Dominika karatasi hizi, nikamwambia ukurasa wake tutauruka asione haya. Akazisoma zote amesimama, akanikuta nimeandika ndoa ilifungwa 1981, akasahihisha, kisha akaniambia yeye hatii sahihi kwenye kazi iliyopunguzwa. Nikarudi kwa wazee nikawaeleza, na mkubwa wao akasema usomwe, na isale la kwenye kaburi apande yeye. Mwalimu Dominika, sogea mbele, mama, uwe karibu na mwenyewe.

Historia hii ina sahihi mbili, ya familia na ya Mwalimu Dominika. Pumzika kwa amani, kaka, kazi yako imehakikiwa.