Fundi Kasmir, Aliyeuliza Gari Limelalaje

Sasa hivi, kabla sijashika kalamu, Coleta wangu amechukua mwiko, akaweka ncha moja kwenye mfuniko wa sufuria ya maharage na ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Nikamwambia atoke hapo, mvuke utamchoma. Akaninyamazisha kwa kidole. Kasikiliza weee, halafu akanipa majibu: "Mama, linamisi."

Basi maharage yetu yanamisi, kama injini inayokosa moto. Hajafika miaka minne huyu, na hakuna aliyemkalisha kumfundisha. Ameona tu. Aliyemwonyesha ndiye tunayemuaga Jumamosi.

Fundi Kasmir Kauzeni anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia Karakana ya Umoja, hapa Katandala, kwa miaka thelathini na mmoja. Mkuu wetu, Bwana Sayi, amesema wasifu wa kuweka kwenye ratiba ya sherehe niandike mimi, kwa kuwa mtunza stoo ndiye anayeshinda na kalamu. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo mkikuta mahali nimeandika kama ninavyoongea, mnivumilie. Namwandika kama ninavyomjua.

Alizaliwa Wampembe, kwenye familia ya wavuvi, na injini alianza kuzijua kwenye boti za watu. Anasema huko ndiko alikojifunza kusikiliza mapema, kwa sababu injini ikizima katikati ya Ziwa Tanganyika hakuna pa kushuka ukasukuma. Akapanda huku juu kwenye baridi akiwa kijana, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, akasogea pole pole mpaka akawa fundi mkuu. Vijana aliowafundisha leo wako Laela, Mpanda, mpaka Tunduma, na ukikutana nao utawajua tu. Kabla ya kufungua boneti, wanasalimia.

Hiyo salamu ndiyo wageni walikuwa wakimchekea. Gari likiingia karakana, Fundi Kasmir haendi kwenye gari. Anamfuata dereva, anainama kidogo, anapiga yale makofi ya taratibu ya heshima kama mtu anavyosalimiwa kijijini kwetu Ufipa, ndipo anauliza: kalalaje, kaamkaje, watoto, ng'ombe, mahindi yamefikia wapi. Akiwamaliza watu anahamia kwenye gari: nalo limelalaje, limeamkaje, jana lilibeba nini. Mwenye haraka alikuwa anapandwa na hasira. Kuna mmoja alimwambia, "Mzee, mimi nimeleta gari, sijaleta posa." Fundi akamjibu hivi hivi bila kucheka, "Basi tuanze na posa. Gari halina pa kukimbilia, si ndiyo maana umelivuta kwa kamba?"

Kazini anatembea na bisibisi ndefu kuliko zote. Ncha anaiweka kwenye injini, mpini sikioni, macho anafumba. Anakwambia ni silinda ya ngapi wakati wewe bado unatafuta pa kuweka soda yako. Lakini sikio hilo hilo lipeleke kanisani. Anaingia kwenye wimbo kabla ya wenzake na anatoka baada yao, mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba kwa adabu awe anasimama mstari wa nyuma. Na baiskeli yake, wote mnaijua, inalia kuanzia kwake mpaka getini. Mnyororo huo haujaona oili tangu nifike hapa. Ukimuuliza anasema ile ndiyo honi.

Sasa niseme la pikapu ya Mama Winifrida, kwa sababu hilo linanihusu mimi na huyu wa mwiko.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa kule bondeni, upande wa Muze, na nilikuwa na mimba kubwa. Nesi wa zahanati alinipima akasema mtoto amelala mshazari. Akaniambia wazi, "Binti, huyu usithubutu kumzalia hapa. Ukisikia dalili yoyote, panda mjini hospitali." Mjini hatukuwa na ndugu wa kufikia nikae nikisubiri. Na gari la kupanda mlima lililokuwa na uhakika wa kufika kitongojini kwetu lilikuwa moja tu, hiyo pikapu ya zamani ya kijani, iliyokuwa ikishuka kufuata mpunga. Dereva wake ni Baltazari.

Na pikapu ilikuwa inamisi. Tambarare haina neno. Ikibeba mzigo ikaanza kupanda, inakosa pumzi moja kati ya nne, inatikisika, inakohoa, na kwenye kona kali inazima kabisa. Mara nyingine abiria walishuka wakapanda kwa miguu na mizigo kichwani. Ikifika karakana, inanguruma vizuri kama haijawahi kukosea.

Fundi Kasmir alibadilisha plagi. Ikarudi. Akabadilisha waya zote za plagi, nayo ikatulia. Baltazari akaleta ndizi za kushukuru, kabla hazijaisha pikapu ikarudi inamisi. Akabadilisha koili. Akasafisha kabureta. Akalaumu petroli, akailaumu mpaka mwenye kituo cha mafuta akaacha kumsalimia. Akaweka waya mpya tena, ikatulia tena, ikaharibika tena. Wale waliokuwepo wananiambia alikonda. Alikuwa anakaa amelitazama lile gari kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kula.

Ndipo Mama Winifrida, mwenye pikapu, akaja mwenyewe. Mnamjua anavyosimama, mikono kiunoni. Akasema, "Kasmir, mdogo wangu, nakuheshimu. Lakini hili dude likinilalia mlimani mara moja tu tena, nalipeleka kwa wanunua vyuma chakavu. Nitafuga kuku." Taarifa hiyo ilishuka Muze kabla ya jua kuzama. Mama mkwe wangu alinificha, nikaisikia kisimani. Nililala nimeshika tumbo, nafikiria ule mlima.

Siku iliyofuata Fundi Kasmir hakufungua boneti. Alimwita Baltazari, akamkalisha kwenye benchi, akamsalimia upya. Makofi, watoto, ng'ombe, mahindi, yote. Kumbe kwa sababu walikuwa wamezoeana, alikuwa ameacha siku nyingi kumsalimia Baltazari inavyotakiwa. Alikuwa anamwambia tu mambo vipi, halafu anaingia kazini. Alipowamaliza watu, akafika kwenye gari.

"Limelalaje?"

"Linalala vizuri kunishinda mimi, Mzee. Baridi hii ya kwetu naijua, nikilizima tu nalifunika injini."

"Unalifunika na nini?"

"Gunia."

"Gunia la nini, Baltazari?"

"La ulezi wa mama. Zito hilo, linashika joto. Mke wangu analitaka, nimemnyima."

Waliokuwepo wanasema Fundi Kasmir alivua kofia, akaivaa tena. Halafu akainuka akaenda nyuma ya karakana kwenye lundo la takataka, akapiga magoti, akaanza kufukua. Akatoa zile waya za kwanza alizozitupa, na zile za pili. Akazigeuza. Zote zilikuwa zimeliwa mahali pale pale, upande wa chini unaoegemea injini, ambako ukiangalia kwa juu huoni kitu. Vijino vidogo vidogo. Gunia lilibaki na punje za ulezi, panya wakafuata ulezi, wakakuta na joto, wakahamia. Ulezi ukipungua wanatafuna waya. Moto wa plagi ukawa unavujia pembeni kabla ya kufika, na mlimani, injini inapotaka moto wote, ndiyo inakosa.

Baltazari alitaka kulia. Mwaka mzima alikuwa analifunika lile gari kwa mapenzi. Fundi Kasmir akamwambia, "Usijilaumu, bwana mdogo. Wewe ulifunika, mimi nilitupa bila kugeuza. Tumeshirikiana vizuri."

Asubuhi, mapema, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Baltazari kabla gari halijaamshwa. Akainua gunia. Panya wawili wakaruka, wakampita mke wa Baltazari mlangoni, na tangu siku hiyo yule mama hajaliulizia tena gunia. Fundi akaosha injini, akaweka waya mpya, akazifunga juu zisilale popote. Gunia likachomwa. Paka akaletwa. Paka huyo yupo mpaka leo, na jina lake ni Fundi Msaidizi.

Lakini hakuamini. Fundi Kasmir haamini gari lililotulia karakana. Akasema atashuka nalo Muze, na kurudi atakaa nyuma juu ya magunia ya mpunga, asikilize mlima wote. Na siku hiyo hiyo mimi nikaamka na maumivu ya kiuno.

Nilipandishwa mbele, mama mkwe pembeni yangu. Nilimwona mzee mmoja mwenye koti la bluu anapanda nyuma na bisibisi, nikadhani ni utingo. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akaniangalia tumbo, halafu akaongea na Baltazari dirishani: "Nikigonga paa mara mbili, simama. Nikigonga mara moja, nimesikia, iko sawa, endelea." Kwangu akasema tu, "Mwanangu, wewe sikiliza mgongo wa kiti. Ukitetemeka ovyo ni mimi wa kulaumiwa."

Tukaanza kupanda. Mimi injini nilikuwa siijui, lakini siku ile niliisikiliza kwa mwili mzima. Kona ya kwanza, ngo. Mara moja. Kona ya pili, pale walipokuwa wanashukaga abiria, Baltazari akarudisha gia, gari likainama nyuma na mpunga wote, uchungu ukanibana, mama mkwe akaanza Salamu Maria, nikasubiri lile tikisiko. Ngo. Mara moja. Kila kona ngo, mpaka baridi ya juu ikaingia dirishani nikajua tumefika Ufipa. Coleta alizaliwa hospitali jioni ile. Walimtoa kwa upasuaji, na alilia kabla hawajamfuta.

Nilipopata nguvu nilikuja hapa karakana na mtoto mgongoni na unga wa ulezi kwenye ndoo, kushukuru. Fundi Kasmir akautazama unga, akasema, "Ulezi tena?" Wakacheka wote, mimi sijui wanacheka nini. Akaupokea. Akaniona ninavyoziangalia plagi zilizomwagwa mezani, mkono ukaanza kuzipanga wenyewe, akaenda kuongea na Bwana Sayi. Hivyo ndivyo nilivyopata stoo hii, na baba yake Coleta akapata sababu ya kuhamia mjini.

Kuna mambo mengi nimeyaacha. Sikusema alivyotusisitizia kwamba kitu kibovu kikitolewa kigeuzwe kwanza ndipo kitupwe. Ukipita nyuma ya stoo utaona meza ya kugeuzia, aliipiga misumari mwenyewe wiki ile ile. Sikusema anavyokula dagaa wa kwao na ugali wa ulezi kila siku ya Mungu na bado anawauliza mafundi kama wana kitu tofauti.

Sasa anarudi Wampembe. Anasema kuna boti zinamwita, na sisi tunajua ni uongo, anataka tu kukaa na wajukuu. Wafanyakazi wote wa Karakana ya Umoja tunakushukuru, Fundi, kwa sikio lako na kwa salamu zako ndefu. Tunakutakia asubuhi njema huko ziwani, nyingi, na uwe na wa kukuuliza umelalaje na akasubiri jibu. Injini zako zote ziwake kwa jaribio la kwanza. Wavuvi wakuvumilie kwenye kwaya. Coleta anasema atakuja kukusikiliza kifua kwa mwiko, ukubali.

Hapo nje naisikia pikapu. Baltazari amekuja kuchukua hii karatasi aipeleke kwa mpiga chapa, anaita Mama Coleta, Mama Coleta, stoo imefungwa na Mzee anataka bisibisi yake, na Coleta ameshatoka mbio yuko juu ya tairi. Naenda. Nilitaka tu kumalizia, Fundi, kwamba mpaka leo nikiwa na jambo zito huwa nagonga meza mara moja, ngo, halafu naendelea.