Mkono Ambao Mama Beldina Hakuuachilia

Kama chuo hiki kingekuwa mtu, mimi ningekuwa uti wake wa mgongo. Nimeendesha lori la chuo hiki cha ualimu hapa Awasi miaka kumi na tisa. Wakuu wanne wamekuja wakaniacha hapa hapa. Basi ilipoamuliwa kwamba Mama Beldina Amolo, matroni wa bweni la wasichana, aandikiwe maneno ya kumuaga, nani mwingine angeandika?

Mama anastaafu tarehe 30 Novemba 1993, baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi. Alikuja na sanduku la bati na sauti ya kusimamisha trekta. Sisemi uongo. Siku moja barabara ya Muhoroni breki zilinikatikia, na trekta la miwa linatujia. Mimi nikakaza usukani kama dume. Mama akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele moja tu, trekta likaingia mtaroni lenyewe! Dereva wake mpaka leo akimwona sokoni anavua kofia.

Wasichana walimwita Mama Kufuli. Jua likizama tu, bweni limefungwa, naye amekaa mlangoni anafuma vitambaa.

Sasa niandike lile ambalo sote tunalijua. Majina siandiki. Mwaka 1991 msichana wa mwaka wa kwanza alinajisiwa na kijana wa mwaka wa mwisho, mchana, nyuma ya maktaba. Mama aliomba lori ampeleke polisi. Ofisi ikakataa, ati mambo ya chuo yanamalizwa chuoni. Na hapa kwetu mambo yanamalizwa paredi, chuo kizima kikiwa kimekusanyika: wawili wanasimama mbele, wanapeana mkono, tunaomba, imekwisha. Kwa wizi wa sabuni ni dawa nzuri sana. Safari hii walitaka yule mtoto ampe mkono yule kijana.

Mama alipanda jukwaani bila kuitwa, akaushika mkono wa kulia wa msichana kwa mikono yake miwili. Mkuu akamwambia, "Mama, muachilie mtoto." Akajibu, "Mkitaka kijana huyu apewe mkono, Mwalimu, mpe wako." Kijana alibaki amenyoosha mkono mpaka ukachoka. Siku hiyo hatukuomba.

Halafu magazeti yakaanza kuandika habari za wasichana wanaonajisiwa vyuoni na shuleni. Kila kanisa, kila kibanda cha chai, watu wanabishana. Ukaitwa mkutano mkubwa Kisumu, nikampeleka Mama mimi mwenyewe. Wanaume wa tai walizungumza urefu wa sketi, wakazungumza taa, wakazungumza wasichana wanaokubali kununuliwa soda. Mmoja akamwambia, "Mama, ungezaa wavulana ungeelewa." Mama akasema, "Ninao watano. Ndiyo maana najua wanaweza kujizuia." Watu wakapiga makofi. Ikaletwa chai, tukanywa, tukarudi nyumbani, na hakuna kilichobadilika.

Yule msichana hakurudi muhula uliofuata. Anauza omena, wale dagaa wetu, huko ziwani. Yule kijana alifaulu, sasa ni mwalimu, anafundisha wasichana. Na mwezi uliopita, Mama akiwa kwenye likizo yake ya mwisho, msichana mwingine aliyetendewa vile vile alisimamishwa paredi. Huyo hakuwa na wa kumshika. Alitoa mkono, tukaomba. Bodi ya chuo imesema nafasi ya matroni haitajazwa. Ufunguo wa bweni utakaa na askari wa lango.

Mama Beldina, chuo kinakupa blanketi na redio. Ni kidogo, lakini pokea. Asante kwa kila mlango uliofunga na kwa ule mkono. Nenda nyumbani ulale usingizi mzuri, usiamshwe na mtu yeyote.

Nimalize kwa ukweli. Kabla yangu waliombwa walimu watatu kuandika haya. Wote wakakataa, wanaiogopa Bodi. Mimi nikakubali palepale, kwa kifua mbele. Lakini nimemwambia Wamaitha, karani wetu, ayapige chapa hivi hivi, na hapa chini asiweke jina langu.